Josho la Samaki

Mama mkwe wangu alipokuja kuishi kwetu Katesh, alikuja na shuka mbili, fimbo ya kuchungia na kibuyu cha maziwa. Kibuyu kilikuwa kitupu. Ng'ombe wake wote walikuwa wameisha kwa ukame kule tambarare, chini ya Endasak, na mke wangu alikwenda kumchukua kwa pikipiki baada ya kusikia kwamba mama yake anashinda kutwa akitazama zizi lisilo na kitu.

Kwetu nako akaendelea kukaa tu. Akipewa uji, anakunywa mafunda mawili. Akipewa maziwa ya dukani, anauliza ni ya ng'ombe yupi, nasi tukikosa jibu anakisogeza kikombe pembeni. Mke wangu alianza kukonda pamoja naye. Siku moja jikoni aliniambia waziwazi kwamba anaogopa mama yake amekuja kwetu kufa.

Mimi ni fundi umeme, nina duka la nyaya na balbu karibu na stendi, na sijawahi kufuga hata kuku. Nilipokwenda kuposa, wazee wa kwao waliniuliza nina wanyama gani, nikajibu nina duka. Walitazamana. Mama mkwe akasema jambo kwa lugha yao, wanawake wakacheka mpaka wakajifunika nyuso, na mke wangu alikataa kunitafsiria kwa miaka mingi. Baadaye ndipo nilipojua alisema, "Masikini, mwanaume bila mnyama." Kwa hiyo msidhani nilikuwa mkwe wa kujivunia.

Isitoshe, kwa heshima ya kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei moja kwa moja. Salamu tu ndiyo iliyoruhusiwa. Nilikuwa nasimama mlangoni, nautazama ukuta, nasema, "Shikamoo mama." Naye anaujibu ukuta uleule, "Marahaba." Mengine yote yalipita kwa mke wangu.

Samaki waliingia nyumbani kwa bahati. Mteja wangu mmoja alihamishwa kikazi, akaniuzia tangi lake la kioo pamoja na samaki wa mapambo waliokuwamo, nami nikaliweka sebuleni kwa sababu nilipenda taa zake. Siku ya pili mama mkwe alikuwa amehamishia kigoda chake mbele ya kioo. Siku ya tatu alikuwa ameshawajua kwa rangi zao, kama watu wa kwao wanavyowajua ng'ombe: mwekundu mwenye paji jeupe, mweusi wa mkia mrefu, wa madoa, mweupe mtupu, na wenzao. Alijua nani anamsukuma nani na nani anakula mwisho. Na samaki walipokula, yeye naye akala. Mke wangu akawa anamwekea sahani palepale kando ya tangi, halafu anakuja chumbani kunishika mkono.

Nami nilipata faida yangu. Kwa kuwa sote wawili tulikuwa tunawatazama samaki, tuliweza kukaa chumba kimoja bila kuvunja heshima.

Kisha samaki wakaugua. Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. "Mwambie mume wako," alimwambia binti yake, "hawa wana kupe." Nilicheka, nikainama kutazama, kicheko kikaisha. Walikuwa na vidoa vyeupe kana kwamba mtu amewanyunyizia chumvi, na yule mwekundu alikuwa anajisugua kwenye mawe kwa nguvu. Wiki ile walikufa wawili. Nikasema kwa sauti kwamba sasa wamebaki sita, mama mkwe akasonya. Mke wangu akaninong'oneza kwamba mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Jioni ile mama mkwe alikisogeza kikombe pembeni tena, na mke wangu akanitazama mimi kama vile ninaweza kufanya kitu.

Nilimpigia simu muuza samaki mmoja wa Arusha. Akanieleza kwamba wadudu wale wakishashiba kwenye ngozi ya samaki hudondoka, huzaana, na watoto wao huogelea kumtafuta samaki mwingine. Hapo majini, wakiwa bado hawajashika, ndipo wanapouawa kwa taa ya mionzi ya UV. Akanitumia kifaa chenyewe kwa basi: bomba jeusi la urefu wa mkono, ndani yake kioo chembamba, na ndani ya kioo ile taa. Pampu inavuta maji tangini, yanapita kando ya taa, yanarudi yakiwa hayana wadudu. Taa yenyewe haitazamwi, inaumiza macho, ndiyo maana imefichwa bombani.

"Mwambie mama hili ni josho," nilimwambia mke wangu, macho yangu yako kwa samaki. "Kama lile la kuogeshea ng'ombe. Ila hapa hawapitishwi samaki, yanapitishwa maji, maana hao kupe wamo majini."

Nilijivunia sana mfano ule. Karatasi ya maelezo sikuisoma. Fundi wa miaka yangu hasomi karatasi. Pampu iliyokuja na kifaa ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, nikaidharau. Nilikuwa na pampu kubwa dukani, nikaifunga hiyo, nikakaza mipira, nikachomeka. Maji yakatoka kwa kishindo, samaki wakasukumwa hadi pembeni, na mke wangu akapiga makofi. Mama mkwe alitumbukiza kiganja chake mbele ya mdomo wa mpira, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

Siku ya nne akafa wa madoa. Nilikuja kula chakula cha mchana nikamkuta mama mkwe ameshamtoa na kumfunga kwenye kitambaa safi.

"Mwambie mume wako," alisema, "kwenye josho lake ng'ombe wanakimbia."

"Ana maana gani?" nilimuuliza mke wangu.

"Muulize kama amewahi kusimama joshoni," mama mkwe akamwambia binti yake. "Sisi tulikuwa tunawapitisha polepole, mmoja mmoja. Yule wa kuruka na kutoka mbio, anatoka na kupe wake masikioni. Josho halina kosa. Mwenye fimbo ndiye ana haraka."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Mtu ambaye hajawahi kuchomeka hata pasi ananifundisha mimi kazi, mbele ya mke wangu! Nikaacha ugali mezani, nikarudi dukani, na huko, kwa nia ya kumwonyesha kwamba amekosea, nikaisoma karatasi. Iliandikwa kwamba kwa ugonjwa wa samaki maji yapite polepole, yakae na mwanga muda wa kutosha kuua, na kwamba pampu kubwa inaifanya taa isifanye kazi yoyote. Niliisoma mara mbili nikitumaini Kiingereza changu ndicho kibovu.

Nikafunga duka, nikarudi nyumbani, nikaitoa pampu kubwa na kuweka ile ndogo. Maji yakatoka taratibu, kama maziwa yanavyomiminwa kutoka kibuyuni. Mama mkwe akatumbukiza kiganja, safari hii akakitoa mara moja.

"Sasa wanapita," alisema.

"Mwambie mama nimekosa," nikasema.

"Amesikia," mke wangu akajibu. "Polepole ndio mwendo, fundi wa mji mzima."

Taa ile iliwaka mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Umeme ulipokatika, mama mkwe alitembea kwa miguu mpaka stendi, katika ule upepo wetu wa vumbi, akasimama mbele ya duka na kumwambia mteja yeyote aliyemkuta, "Mwambie fundi josho limesimama." Wateja walinitazama wakidhani bibi wa watu amechanganyikiwa. Mimi nilibeba betri na kumfuata. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye vyeti, lakini sijamwona mwenye jicho na kiganja kama vya mama yule, na nilianza kumsifia dukani bila mtu kuniuliza.

Vidoa vilipungua, vikaisha. Mwekundu akaacha kujisugua. Mama mkwe alikuwa anamaliza sahani yake na kuomba nyongeza.

Asubuhi moja, mke wangu akiwa uani anafua, nilisimama mlangoni kama kawaida. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nilikuwa nageuka kwenda kazini niliposikia sauti yake tena, na hakuwa amemwita binti yake.

"Huyu mweupe ni wako."

Tulikuwa wawili tu mle ndani, na wote wawili tulikuwa tunatazama tangi.

"Wa kwangu, mama?"

"Nimekupa. Mwanaume hakai bila mnyama."

Samaki wote wale nilikuwa nimewanunua mimi. Nilisema, "Asante, mama," na machozi yalinitoka nikiwa namtazama mnyama wangu wa kwanza.