Negativi Iliyokataa Kunyooka

Mume wangu Gerson ni mtu ambaye hata akiwekewa ugali mezani, ataizungusha sahani kwanza mpaka upande uliobonyea uelekee ukutani, ndipo anawe mikono. Msiniulize kwa nini. Nimeishi naye tangu Ihumwa hii ya Dodoma ina nyumba za kuhesabika na bado sijui. Kazini kwake, ofisi moja ya serikali huko Mtumba, yeye ni afisa ugavi, na kazi yake ni kupokea vitu na kuvikataa. Karatasi zikija nyembamba anazirudisha. Viti vikija na skrubu moja imelegea anavirudisha vyote. Wenzake wanamwita Mkaguzi, naye anadhani wanamsifu, masikini.

Hapa nyumbani geti letu lilikaa limeegemezwa ukutani misimu miwili ya mvua kwa sababu bawaba zilikuwa zimepishana kidogo, kidogo ambacho mimi kwa macho yangu haya sikukiona. Ng'ombe wa watu wakawa wanaingia na kula mahindi yangu. Nikamwambia geti baya lililofungwa linazuia ng'ombe kuliko geti zuri lililoegemezwa. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mwenye matatizo. Wahenga walishasema mchagua jembe si mkulima, lakini Gerson huwezi kumpigia methali. Ataanza kukueleza jembe lipi lilikuwa na kasoro.

Hayo yote nilishamsamehe. La picha ya Luka sijamsamehe.

Luka alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama mkwe wangu, Bibi Paulina. Alikufa kwa surua kabla Gerson hajazaliwa, enzi zile bwawa la Mtera linajengwa, na fundi mmoja wa pale aliyekuwa na kamera ndiye aliyempiga picha akiwa amesimama mbele ya nyumba yao. Picha yenyewe ililiwa na mchwa zamani. Kilichobaki ni negativi, kile kipande cha filamu ambacho weusi huonekana weupe na weupe weusi, na mama alikitunza miaka yote kikiwa kimeviringwa ndani ya kichupa cha dawa. Kwenye kitu kile huwezi kupata sura ya mtu. Unaona kizuka kidogo kimesimama, basi.

Mama alikuja kukaa kwetu kwa ajili ya macho. Ana presha ya macho, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshachelewa. Daktari alituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki dawa zitakichelewesha tu kuondoka. Mama alisikia yote. Tulipofika nyumbani akafungua pindo la kanga, akatoa kile kichupa, akampa Gerson.

"Mwanangu, nitolee sura ya Luka," alisema. "Nimeanza kuisahau, na haya macho hayatanisubiri."

Hakuomba kingine chochote. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na sufuria mkononi, nimesikia kila neno.

Sasa mtu mwenye akili zake angefanyaje? Angepanda gari akaenda studio mjini, akarudi na picha. Nilimwambia hivyo. Gerson akacheka kwa pua. Akasema watu wa studio wataikwaruza, wataishika na vidole vyenye mafuta ya chipsi, na kwamba kazi kama hii mtu anaifanya mwenyewe nyumbani kwake. Akanunua skana, akaiweka juu ya meza ya chakula, na kuanzia hapo mimi, mama na watoto wetu, Lameck na Hana, tukawa tunakulia kwenye mkeka kama tuko msibani.

Picha ya kwanza ilitoka siku ile ile. Niliiona kwenye kompyuta: mtoto kifua wazi, tumbo mbele, ameinamisha kichwa kidogo. Ilikuwa na ukungu, kweli. Filamu iliyolala imeviringwa miaka yote hiyo ilikuwa imejikunja, kati imeinuka na kingo ziko chini, kwa hiyo skana iliona vizuri sehemu moja na nyingine ikaikosa. Lakini mtoto alionekana. Nikamwambia aichapishe hivyo hivyo, kubwa, tumpelekee mama. Wakati huo mama alikuwa bado anachambua mchele mwenyewe, anausogeza tu dirishani kwenye mwanga.

Gerson akasema hawezi kumpa mama yake picha yenye ukungu. Akaifuta mbele yangu.

Ndipo akaanza vita na ile filamu. Aliilaza chini ya Biblia, na juu ya Biblia akaweka tofali. Akiitoa inatulia kidogo, halafu hewa kavu ya Dodoma ikishaipata inajikunja tena kama ganda la mti. Akaipeleka bafuni nilikokuwa nimeweka maji ya moto, ili mvuke uilegeze. Ikalegea, ikanyooka, bwana akafurahi; kufika mezani imejikunjia upande wa pili. Nilicheka na wala sikujificha. Akaibana kwa kipande cha kioo cha dirisha, picha ikajaa miviringo ya rangi rangi kama mafuta ya taa kwenye dimbwi. Akasema kosa ni la kioo, kinagusana mno na filamu, kinatakiwa kile kisichong'aa. Na kioo kisichong'aa nyumba nzima kilikuwa kimoja tu, cha picha yetu ya harusi. Nilirudi kutoka kanisani nikatukuta tunaning'inia ukutani bila kioo, vumbi la Ihumwa linatupiga usoni.

Filamu ikalala. Mtu angesema sasa yameisha. Thubutu! Likaja suala la kimo. Aligundua kwamba skana yake haioni vizuri kitu kilicholala chini kabisa, inakiona vizuri zaidi kikiinuliwa kidogo. Kidogo kiasi gani? Hapo ndipo alipopata starehe yake. Akakata vipande vya boksi la sabuni, akaweka kimoja chini ya kioo, akaskani; akaongeza cha pili, akaskani; akatoa kimoja, akaweka karatasi badala yake, akaskani tena. Kila akirudi kazini, viatu hajavua, yuko mezani, ameikuza picha mpaka imekuwa changarawe tupu, anakagua kona. Kona ya juu kulia. Kona ya chini kushoto. Ananiita nije nione tofauti. Sikuona tofauti yoyote na nikamwambia, naye akanijibu kwamba ndiyo maana si kila mtu anapewa kazi ya ukaguzi.

Mama alikuwa anauliza kwa adabu zote, maana ni mama wa watu asiyependa kusumbua. Gerson anamjibu imebaki kidogo mama, ni kona moja tu. Kona! Mtoto hakusimama kwenye kona.

Nikasema nitaichukua mwenyewe niipeleke studio. Akaanza kuifungia kabatini na kuondoka na ufunguo. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, anamfungia mkewe kipande cha filamu. Nikamshtaki kwa mchungaji alipokuja kumwombea mama. Gerson akamweleza mchungaji habari za kimo na mkunjo mpaka mchungaji akaanza kutafuta kofia yake.

Huku macho nayo yanakwenda. Kwanza mama alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, anasema mkono wake umezeeka. Kisha nikamkuta sebuleni anasalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", kwa heshima, na aliyekuwa anamsalimia ni koti la Gerson lililotundikwa mlangoni. Niliumia. Nilimwambia Gerson jioni ile ile, nikamsihi ampe mama hata ile mbovu kuliko zote. Akasema ndiyo maana picha lazima iwe kali, ili mama aione vizuri. Mtu hatofautishi koti na binadamu, wewe unamhangaikia nyufa za ukuta ulioko kwenye picha?

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilimtoa mama nje aote jua kama kawaida. Mnajua jua letu la kipindi hicho, upepo wa baridi lakini mbingu haina hata doa. Alikaa kidogo, akageuza uso huku na huku, kisha akaniuliza kama leo kuna wingu. Nilishindwa kumwambia ukweli. Nikasema ndiyo mama, limetanda. Nikaingia jikoni nikalia.

Gerson nilipompa habari alisema mama amechoka tu, na dawa zile zinalewesha. Siku chache baadaye akaja na picha. Ameichapisha kubwa, ameitia fremu, anatabasamu kama aliyechaguliwa kuwa mbunge. Na sitamnyima haki yake, ilikuwa kali. Ungeweza kuhesabu mabua kwenye udongo wa ukuta wa tembe, ile nyumba yao ya zamani, kona zote nne sawasawa. Mwenyewe nilitamani kuitupa kisimani.

Alipiga goti mbele ya kiti cha mama, akamwamkia, akamwekea picha mapajani. Mama akapapasa kioo. Akatafuta kingo za fremu, akaiinua mpaka ikagusa pua, akaielekeza mlangoni, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena. Kisha akairudisha mapajani, akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

Na yule bwana, Mungu anisamehe, akaanza kumweleza. Jinsi ilivyokuwa imejikunja, jinsi kioo kilivyosumbua, jinsi kimo kilivyopatikana kwa unene wa karatasi moja, na sasa hakuna sehemu yenye ukungu kuanzia kona hii mpaka kona ile. Mama alimwacha amalize. Alikuwa amemwelekezea sikio, anaitika kwa kichwa, na nikadhani pengine ndivyo itakavyokwisha, kwa adabu.

"Luka anafanana na nani?" mama akauliza. "Ni Lameck wako, au Hana? Au wewe?"

Nilimwona Gerson anatafuta jibu, macho yanakwenda juu na pembeni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Alikuwa ameikuza picha ile mara nyingi kuliko alivyowahi kuwatazama watoto wake mwenyewe.

"Ngoja niangalie, mama," akasema, akanyoosha mkono aichukue.

Mama hakuiachia.

"Muda wote huo, mwanangu," alimuuliza, "ulikuwa unaangalia nini?"