Vidonge na matembele

Juma hili, kwenye dirisha la dispensari, fundi mmoja wa reli, aliyekuwa na mke wake mbele yangu kwenye foleni, alimwonyesha muuguzi miguu yake isiyo na nguvu.

"Baba, unakula nini?"

"Mukate na vitamini zenu. Matembele nilimukataza bibi huyu kupika. Ni chakula ya kijiji."

"Vitamini hizi hazina potasiamu ya kutosha, baba. Iko mu matembele, mu maharagi, mu ndizi."

Mke wake akapiga viganja. "Ona! Matembele yangu banakula majirani, na miguu yabo iko nguvu!"

Fundi akainamisha kichwa. "Basi, mama, leo pika."

Nilirudi nyumbani polepole. Marehemu mke wangu naye alikuwa akinisogezea matembele, nami nikiomba mkate. Mungu ampumzishe. Tuta lake la matembele bado linastawi nyuma ya nyumba, na mimi sijui kuyapika.