Sauti ya Kokoo ilivyogoma kupanda: kisa cha fundi mjuaji wa Kitengela

Wakuu, habari za mchana.

Hiki kisa nimekaa nacho miaka mingi kwa sababu ya aibu tu. Sitaongeza chumvi. Kilivyo kinaniuma vya kutosha, na mashahidi bado wako hai.

Ilikuwa 2008 hivi. Nilikuwa nasimamia cyber pale Kitengela, mali ya mama mmoja kutoka Garissa anayeitwa Halima. Mashine sita, printa moja yenye kiburi, na mimi.

Wakati huo nilikuwa najua kila kitu. Mteja akikwama, nilimsogeza pamoja na kiti chake, nikabonyeza haraka haraka ili asione nimefanya nini. Watu waliniita Fundi. Hilo jina nilijipa mwenyewe, lakini walilizoea.

Sasa, dada yangu Naserian alikuwa majuu, anatunza wazee wa watu. Akitoka kazini alikuwa anaingia kwenye zile dunia za internet. Wa rika langu mnazikumbuka: unapewa mwili wa katuni, unatembea, unajenga nyumba, unapiga stori na watu kwa maiki.

Wenzake walijenga disco. Yeye alijenga boma.

Wamaasai waliotawanyika huko nje walikuwa wanakutana hapo Jumapili, wamevaa shuka za katuni, wanaangalia ng'ombe wasiokula wala kunywa. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Sikujua mtu anaweza kukosa nyumbani mpaka aijenge kwa mouse.

Siku moja akanipigia simu. Alitaka mgeni akigusa mlango wa lile boma, asikie sauti ya Kokoo akibariki.

Kokoo ni nyanya yetu, aliyetulea huko Ewuaso Kedong. Alikuwa na uvimbe shingoni, na daktari alikuwa amesema wakiutoa, sauti inaweza kuharibika. Operesheni ilikuwa wiki inayofuata. Naserian hangeweza kuja kwa sababu makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika.

"Nirekodie kabla hawajamkata," akaniambia. "Na tafadhali, usiharibu."

Usiharibu. Mimi, Fundi. Nilinuna siku mbili.

Jumamosi nikafika Ewuaso na laptop ya Halima, pamoja na headphone za cyber, zile zenye kimaiki kinachokuja mpaka mdomoni. Kokoo akazikataa.

"Masikio yangu yamejaa shanga," akasema. "Hayana nafasi ya waya zako."

Basi nikazivaa mimi. Nikajiona prodyuza kamili, mkono mmoja sikioni, macho nimeyafunga nusu. Kokoo akakaa kwenye kigoda chake, hatua mbili tatu kutoka kwangu, akaanza.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiotujua. Kwetu mzee akibariki haongei peke yake. Anatoa sentensi moja, na mnaobarikiwa mnaitika "Naai," yaani mnamwita Mungu. Usipoitika, anakatiza na kukuangalia. Baraka isiyoitikiwa inabaki hapo hapo kwa mwenyewe.

Kokoo akasema Mungu atufunike. Nikaitika Naai.

Akasema tukanyage penye nyasi, na aliye mbali arudi akiwa mzima. Naai.

Niliitika kwa kifua, jinsi alivyonifundisha nikiwa mdogo. Hata kuku walikimbia.

Wiki iliyofuata akakatwa. Operesheni ilienda vizuri, tunashukuru. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Alibaki na kipumzi kikavu, unamsikia tu ukimkaribia. Daktari akasema tusitegemee irudi.

Kwa hivyo kilichokuwa kwenye ile laptop ndicho kilikuwa kimebaki duniani.

Nikakaa cyber nikasikiliza. Kokoo alikuwa chini sana, ni kama anaongea akiwa boma la jirani. Lakini zile Naai zangu zilikuwa zimetoka safi kabisa, nzito, tamu. Nikafurahi. Nikajua mashine ni nzima, kwa hivyo shida ni Kokoo.

Wakuu, someni hiyo sentensi mara ya pili. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Ile dunia ilikuwa na sheria: clip isizidi sekunde kumi. Nikaikata rekodi vipande, nikamtumia Naserian ajaribu. Akajibu, "Kokoo simsikii. Hata nikisimama mlangoni."

Nikafungua programu ya kuhariri sauti, nikabonyeza Normalize, ile inayosemekana inapandisha volume. Ikazunguka, ikasema imemaliza. Hakuna kilichobadilika. Nikabonyeza tena. Nadhani nilibonyeza mara kumi na moja, kila mara kwa hasira zaidi, kama kwamba kompyuta inaogopa mtu.

Nikauliza kwenye forum ya hao watu wa dunia za internet. Mtaalamu mmoja akanijibu kwa upole kwamba dawa ni kununua maiki nzuri na kurekodi upya. Asante sana, bwana. Koo nayo nitanunua wapi?

Nikamwendea jamaa aliyekuwa anarekodi waimbaji wa gospel nyuma ya duka la agrovet. Alisikiliza sekunde tatu, akasema ni virus.

Nikaamua kuongeza kwa nguvu, mara tano ya ilivyokuwa. Naai ikapasuka mle cyber hadi mteja mmoja akamwaga chai yake. Kokoo akawa anasikika kama mtu aliyefunikwa na gunia. Nikaifuta hiyo.

Sasa niseme lile ninaloonea aibu hasa. Nilimpigia Naserian nikamwambia kosa ni la Kokoo. Nikamwambia uvimbe ulikuwa umembana, ndiyo maana aliongea chini, hakuna fundi anayeweza kurekebisha hiyo.

Kisha akasema, "Basi, imeenda," na nikasikia analia kabla hajakata simu. Na bado sikumwambia sina uhakika. Nilikuwa tayari kumlaumu mgonjwa ili jina la Fundi libaki.

Kesho yake asubuhi Halima akapita kuangalia printa. Halima hakuwa anajua hata kubadilisha fonti. Akasimama nyuma yangu akiangalia ule mchoro wa sauti kwenye skrini.

"Hii refu refu kama minara ni nini?"

"Ni sauti, mama."

"Na hii fupi hapa chini, kama nyasi?"

"Hiyo ni ya nyanya yangu."

"Na hii minara ni ya nani?"

Nikafungua mdomo nikamjibu kitu cha kitaalamu. Hakunisikiliza. Akanyoosha kidole chenye hina mpaka kikagusa kioo. "Cheza hapa peke yake."

Nikacheza mnara wa kwanza. Naai.

"Cheza ya pili."

Naai.

Hakungoja wa tatu. "Kwani maiki ilikuwa wapi wewe?"

Nikajigusa mdomo, hapo kimaiki kilipokuwa kimekaa siku ile. Halima alicheka mpaka akashika meza. "Wallahi, umerekodi wewe mwenyewe, nyanya akapita tu njia."

Sasa ile Normalize inafanya kazi hivi. Inatafuta sauti kubwa kuliko zote kwenye faili, inaipandisha mpaka iguse mwisho, na nyingine zote zinapanda kwa kiasi hicho hicho tu. Chukulia nyumba ya mabati: mrefu akishagusa bati, wafupi wanabaki walipo. Naai yangu ilikuwa imegusa bati tangu mwanzo. Kokoo hakuwa na pa kupanda, kwa sababu mimi nilikuwa nimejaa nyumba yote.

Nikazikata Naai zangu moja moja, nikaacha kimya mahali pake. Nikabonyeza Normalize mara moja tu. Zile nyasi zikasimama.

Kokoo akaingia mle cyber. Kulikuwa na upepo kidogo nyuma yake na mbuzi mmoja, lakini ni yeye, na ile sauti yake ya kuburuta mwisho wa neno. Nililia, na mteja wa mashine ya tatu alijifanya anasoma.

Nikampigia Naserian, nikamwambia ukweli wote. Alinitukana kwa Kimaa dakika nzima, na nilistahili.

Jumapili mchana nikamleta Kokoo cyber. Kwenye skrini watu kama kumi wamesimama bomani na shuka zao za katuni. Katuni ya Naserian ikagusa mlango.

Mungu atufunike, Kokoo akasema kutoka kwenye spika.

Kisha kile kimya nilichokiacha. Nikakaa kimya nacho. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimejifunza kufunga mdomo, na nilikuwa najivunia.

Kokoo akanigeukia. Akasogea karibu kabisa ili nimsikie, na kwa kile kipumzi chake akauliza, "Mbona huitiki?"

Nikasogeza maiki. "Naai," nikasema, polepole, kwa heshima zote.

Kutoka huko majuu Naserian akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Nani huyo anaitika chini hivyo? Ongeza volume."

Nilichojifunza, wakuu: kitu kikigoma kupanda, kabla hujalaumu mashine au mgonjwa, angalia minara ni ya nani. Mimi hadi leo, nikianza kulalamika kwamba fulani hasikiki, naangalia kwanza maiki iko mdomoni mwa nani.

Haya, nimejianika. Wajuaji wenzangu, mlimfunika nani? Na yule wa virus, kama uko humu, jitokeze tu.