Nyasi za Erasmo

Mwaka 2009, wauza kahawa ya kukaanga Mbinga mjini walikuwa wengi kama utitiri, na watatu kati yao walikwishafungua tovuti. Zamani mkulima alipeleka buni yake ushirika, akarudi nyumbani kusubiri. Soko lilipoachiwa huru wakaja wanunuzi wa kila namna, na mwishowe wakulima wengine wakajiuliza kwa nini wasikaange wenyewe, wakasaga, wakatia kwenye pakiti. Notburga wa Mkumbi alikuwa mmoja wao. Kahawa yake ilikuwa nzuri, hilo hata washindani wake walilikubali wakiwa faraghani, lakini uzuri wa kahawa hauonekani mpaka mtu ainywe.

Akaenda kwa Xaveri, mtu wa Iringa aliyefungua chumba cha intaneti nyuma ya stendi. Xaveri akamwonyesha tovuti za wale watatu. Mlima uleule, kikombe cheupe kilekile, kiganja kilichojaa buni nyekundu. Mmoja alikuwa ameweka hata picha ya mashamba ya nchi nyingine, akidhani watu hawana macho. Xaveri akamwuliza mama huyu ana kitu gani ambacho hao hawana.

Notburga akafungua pindo la kanga akatoa picha. Ndani yake mumewe, Erasmo, amesimama mlimani na mzigo wa nyasi begani, nyengo ya kukatia nyasi mkononi, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nyuma yake mteremko mzima ni mashimo ya ngoro, yamepangwa kama mkeka. Akamweleza Xaveri jinsi Wamatengo wanavyolima: mwanaume anakata nyasi, anazilaza kwa mistari inayokatana mpaka shamba linakuwa vyumba vyumba, mwanamke anachimba udongo katikati ya kila chumba, anafukia zile nyasi, na juu ya matuta anapanda maharage. Mwanamke halazi nyasi. Ndivyo walivyokuta.

“Erasmo analaza, mimi nafukia,” akasema. “Na kahawa yetu iko pembeni ya ngoro hizo.”

Xaveri akaandika vilevile. Hakujua kwamba Erasmo alikuwa na miaka mitatu kaburini, na Notburga hakumwambia. Kosa ni hilo, na ninalisema mapema ili nisije nikaonekana namfichia. Siku ya mazishi walimpa udongo autupie jeneza, akaukataa. Mikono ilimganda, wakamwondoa taratibu. Tangu siku hiyo nyengo ya marehemu ilining'inia ukutani, na shamba la ngoro likawa pori, kwa kuwa mashemeji walipojitolea kumlazia nyasi aliwaambia Erasmo mwenyewe hajamaliza kuzikata.

Tovuti ikashika. Watu wa Songea, wa Dodoma, wa Dar es Salaam, wote walipita kwenye milima na vikombe vya wenzake wakaja kusimama kwa yule mzee anayecheka kwa upande mmoja. Wakaagiza kahawa, lakini barua waliandika kwa Erasmo. Wakamuuliza mvua ikoje. Wakamwita baba, wakamwita babu. Nao walitaka majibu. Notburga akawa anashuka mjini kila Jumamosi, anaketi karibu na Xaveri na kusema, “Mzee kasema uandike hivi.”

Mwanzoni aliyatafuta maneno. Baadaye yakawa yanakuja yenyewe, na hapo ndipo hofu ilipoanza. Alisikia mdomo wake ukitamka “sawasawa, mwenzangu,” neno la Erasmo ambalo yeye hakuwahi kulitumia maishani. Nyumbani akajikuta amesonga ugali wa watu wawili. Asubuhi moja alifungua mlango akasikia harufu ya nyasi mbichi zilizokatwa, na mteremko mzima hapakuwa na mtu. Akabaki mlangoni akiivuta ile harufu mpaka ikaisha. Chini ya ukurasa wa tovuti kulikuwa na namba ndogo inayohesabu waliofungua. Ilipopita elfu moja aliona kuwa mumewe ametembelewa na watu wengi kuliko waliomzika.

Walburga, dada wa marehemu, alipopata habari alipanda mpaka Mkumbi kwa miguu. Tanga lilikwisha kuondolewa, nguo za marehemu ziligawiwa, misa ilisomwa; sasa huyu anaitwa tena wa nini?

“Wifi,” alisema, “unamzuia mwenzio njiani.”

Notburga akamkaribisha chai, wakaongea habari za mahindi. Lakini neno lile halikumtoka Notburga kifuani.

Mwezi wa pili ikaja barua ya Aurelia, mwalimu mstaafu aliyerudi kwao Kitura baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa ameisoma tovuti na kulia. Shamba lake lilikuwa limejaa nyasi na hakuwa na mwanaume wa kuzilaza. Ndugu zake wote wako mbali. Alimwomba Mzee Erasmo, kama afya inaruhusu, aje amlazie walau kipande kimoja. Yeye atafukia.

Xaveri akasoma kwa sauti, akangoja. Notburga alitaka kusema mzee anaumwa mgongo. Kilichotoka ni hiki: “Sawasawa, mwenzangu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu nitakuja.”

Barua ikaenda kabla hajajua amesema nini.

Wiki zile hakulala vizuri. Wateja wa kahawa ungeweza kuwadanganya mpaka kesho, kahawa wataipata. Huyu alikuwa mjane anayemsubiri maiti aje kumlimia, na labda amekwisha kuwatangazia majirani. Ahadi ni deni, na aliyeahidi hana mikono. Jumapili ya mwisho, baada ya misa, Notburga alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Kisha akaiangua nyengo, akaitia makali, akaiviringisha kwenye kanga.

Kesho yake, Kitura, Aurelia alikuwa amesimama juu ya shamba lake na jembe, amevaa nguo za kazi, ameinjika maji ya chai. Wakaamkiana. Kisha akachungulia njia nyuma ya mgeni.

“Mzee yuko nyuma?”

“Hawezi kuja. Alikufa, huu mwaka wa nne. Aliyekuahidi ni mimi.”

Aurelia akaweka jembe chini. Alikasirika, tena kwa haki. Alisema amekuwa akiamka alfajiri kwa furaha kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na yeye wa kwake pia hayupo, je, Mungu amemwona wa kuchezewa mara mbili? Alipomaliza, Aurelia akafuta uso akauliza kwa sauti ya chini, “Basi nani atalaza?”

Notburga akafungua kanga. “Nilimwangalia miaka ishirini na sita.”

Majirani wakasimama ng'ambo kuangalia mwanamke anayekata na kulaza nyasi, na wengine walicheka. Mistari ya kwanza ilikwenda upogo, akaifumua. Ya nne ikanyooka. Kufika adhuhuri kipande kimoja kilikuwa kimegawanyika vyumba vyumba, na Aurelia alikuwa akimfuata nyuma na jembe, anafukia. Wakati wa kuagana alimfungia maharage ya mbegu.

Jumamosi Notburga alimweleza Xaveri yote. Xaveri aliondoa vidole kwenye kibodi kana kwamba imemchoma. Akauliza kama aifute picha, maana wateja wakijua watakimbia. Notburga akasema iachwe. Akamwandikisha: Erasmo alilaza nyasi miaka ishirini na sita. Amekufa. Barua mlizopata ni zangu, mnisamehe. Sasa nalaza mwenyewe.

Wengine walikimbia kweli.

Jumatatu aliingia kwenye pori lake. Alikata nyasi, akaziacha zinyauke, na ziliposinyaa akazilaza kwa mistari, peke yake, mpaka chini bondeni. Alipomaliza akageuka, kama Erasmo alivyozoea, amwachie nafasi mtu wa kufukia. Mtu huyo alikuwa yeye. Akaweka nyengo chini, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili. Safari hii mikono haikuganda.

“Nenda, mwenzangu,” akasema, akaumwaga.