Nafasi Tupu kwenye Daftari la Kitonga

Kwa miaka kumi na mmoja Kitonga alikuwa ameandika kila gari lililopita mikononi mwake: namba zake, mahali palipoliwa na kutu, na geji, yaani unene, ya bati alilotumia. Sakafu, geji 18. Mlango, geji 20. Mafundi wenzake pale Machakos mjini walimcheka, lakini wenye magari walimwamini kwa sababu ya daftari hilo.

Jumatatu hiyo pikapu ya kanisa ilirudi kutoka Mitaboni, siku kumi tu tangu aitengeneze. Dereva, Justus, alishuka akicheka.

"Fundi, tumerudi! Mwaitu Nzilani, mama yetu huyu, alitoboa sakafu kwa mguu siku ile tukitoka harusini. Ni kushiba ile muthokoi ya huko, mahindi na maharagwe!"

"Cheka tu. Na hilo tumbo lako ni la kufunga na kuomba?" Nzilani, mwenyekiti wa akina mama, alishuka polepole, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa. Alipomgeukia Kitonga, sauti yake ilishuka. "Nisamehe, mwanangu. Uzito wangu umeharibu kazi yako. Wenzangu wamesema nisipande tena huko nyuma."

Kitonga alichungulia. Chini ya rangi nyeusi bati lilikuwa limepasuka kama karatasi. Alilijua. Siku alipoitengeneza pikapu, geji 18 ilikuwa imeisha dukani, na harusi ilikuwa kesho yake. Alichukua kipande cha bati la mifereji ya nyumba, geji 28, jembamba mno, akakipiga ribiti, akakifunika kwa puti ya kuziba na rangi. Kilipolia kama mkebe alipokigonga, alijifanya hakusikia.

"Gari lenyewe ni zee," alisema Justus.

"Eeh, kutu…" Kitonga alianza kuitikia. Masikio yalimwaka moto.

Alifungua daftari. Ukurasa wa pikapu ulikuwa na kila kitu isipokuwa geji. Siku ile hakuthubutu kuandika uongo, wala ukweli.

"Mwaitu, si wewe," alisema akiangalia viatu vyake. "Hata mtoto angeitoboa sakafu hiyo. Niliweka bati la mifereji."

Justus aliacha kucheka.

"Na mimi tangu harusi ninakula nusu sahani ili nipungue," Nzilani alisema.

Kitonga akachukua kalamu, akaandika 28 mbele ya macho ya Nzilani.

"Andika na jina langu hapo," Nzilani alisema, "ndio ukumbuke ni mguu wa nani."

Akaliandika.