Kamba ya Nei Tiroia

Watu wakisema kwamba waya wa kupitisha habari chini ya bahari uliletwa kisiwani Tabuaeran kwa amani, mimi huinuka nikaondoka. Nilikuwapo. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na niliona jinsi wifi yangu Tiroia, Nei Tiroia kama tunavyomwita mwanamke kwa heshima, alivyotendewa.

Sisi si wenyeji wa kisiwa kile. Tulitoka kisiwa chetu cha Nonouti kwa mkataba wa kupasua nazi za kampuni: mimi na mume wangu Tekaai, dada yake Tiroia, na Biribo mume wa Tiroia. Walituambia miaka mitatu. Ikawa saba, na meli ya kuturudisha ikawa inakuja kila mwaka midomoni mwao tu.

Posho ilikuwa mchele mweupe, biskuti ngumu, na nyama ya kopo Jumapili. Samaki wa bahari ya ndani, ile iliyozungukwa na kisiwa, walikuwa na sumu. Ukiwala midomo inakufa ganzi na unatapika siku tatu. Samaki wazima wako nje kwenye kilindi, na huko huendi bila chombo. Mashua ilikuwa moja, ya meneja, imefungwa kwa mnyororo.

Mtoto wa kwanza wa Tiroia tulimzika na miguu imevimba kama mapapai. Sasa alikuwa amebaki Bwebwe, wa miaka minne, na miguu yake nayo ilianza. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tiroia alikuwa akibonyeza kila asubuhi kabla ya kengele ya kazi. Na mimi nilikuwa nikimbonyeza wa kwangu, kwa kujificha, maana niliogopa kuonekana namtafutia maradhi.

Mzee mmoja wa kisiwa cha Manihiki aliyewahi kufanya kazi kwenye meli alituambia wazi: hawa watoto wanakufa kwa mchele mtupu. Wapeni samaki. Ndiyo maana Biribo alikuwa akitengeneza ngalawa. Mbao alizikusanya kidogo kidogo, nyingine kutoka jahazi la wageni lililovunjika mwambani. Alizichonga, akazitoboa matundu, zikawa zinangoja kushonwa. Kwetu chombo hakipigwi misumari, kinashonwa kwa kamba ya kumbi la nazi, na kamba ni kazi ya mwanamke.

Tiroia alifukia makumbi kwenye tope la pwani, akayaacha miezi, akayafukua, akayaponda, akayasokota juu ya paja lake. Paja la kulia lilikuwa gumu kama kisigino. Miaka miwili, kila jioni baada ya kazi ya nazi, alisokota. Alipofika pima mia tatu akasema zinatosha, na Biribo akasema Jumatatu tunaanza kushona.

Jumamosi ikatokea meli ya waya.

Ilikuwa meli kubwa nyeupe, na tumboni mwake waya mweusi umejikunja kama nyoka aliyeshiba. Mwisho wake wa pwani ulikuwa mnene kuliko mkono wa mtu. Meli haikuweza kusogea karibu, kwa hiyo waya ulitakiwa uelee juu ya mapipa hadi ufukweni, uvutwe na wanaume. Lakini kamba zao za kufungia mapipa zilikuwa zimeoza ghalani. Meneja akaja kwenye vibanda vyetu na nyapara wetu, Bauro, mtu wa kwetu aliyejua lugha yao.

"Mama Bwebwe," Bauro akasema, "bwana anaiomba kamba yako. Ya kuazima tu. Jioni unayo."

"Anataka kufungia nini?"

"Mapipa."

"Na atakayefungua ni nani?"

"Mabaharia."

"Wanalijua fundo langu?"

"Hata mumeo halijui," nikasema mimi, na wanawake wakacheka.

Tiroia hakucheka. "Mwambie nitafunga mwenyewe na nitafungua mwenyewe. Kisu kisiguse kamba yangu."

Kwetu kamba hufunguliwa, haikatwi, hata ikiwa ya kufungia kuni. Ukikata kamba ya mtu ni kama umemtemea mate. Bauro alilijua hilo, alilelewa hivyo. Akamweleza meneja. Meneja akatazama saa yake, akatikisa kichwa, akasema maneno marefu.

"Amesema sawa," Bauro akasema.

"Amesema sawa, au amesema mengi ukayafupisha?"

"Dada yangu, amesema sawa! Usinitafutie balaa."

Alifunga mapipa thelathini na nane siku hiyo hiyo, mikono imejaa chumvi. Siku ya pili, maji yalipojaa, wanaume sitini wakapangwa ufukweni kuvuta, Biribo na Tekaai mbele. Tiroia akaingia majini hadi kifuani, karibu na mtaro waliouchimba. Pipa la kwanza likafika. Akalifungua, akazungusha kamba begani, akangoja la pili. Nilimwangalia nikasema moyoni, inawezekana.

Baharia mmoja alikuwa kwenye kimashua kidogo pembeni. Aliona Tiroia anachukua muda. Akapiga kelele, akachomoa kisu, akakata. Pipa likaruka, waya ukazama. Akakata la tatu. La nne.

"Ngoja!" Tiroia akapiga kelele. "Nipe nafasi! Nafungua!"

Akamshika yule baharia mkono. Akasukumwa na kasia kifuani, akaenda chini, akaibuka anakohoa.

"Bauro! Mwambie! Uliniambia sawa!"

Bauro alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu mchangani. Meneja alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa akivuta kiko.

Walikata yote. Kila pipa sehemu tatu, nne. Maji yalikuwa yameanza kupwa, na vipande vikaanza kwenda zake kuelekea mlango wa bahari. Nikamkabidhi mama mmoja mtoto wangu, nikajitupa majini na tumbo langu, na wanawake wengine wakaja. Tulikusanya tulichoweza. Kapu moja na nusu. Sehemu kubwa ilitoka nje.

Tiroia alitoka majini taratibu. Hakulia. Alikwenda mpaka pale waya ulipokuwa umelala mchangani, haujafika mtaroni, akaukalia.

"Biribo," akasema. "Achia."

Biribo akaachia kamba ya kuvutia.

"Tekaai, ndugu yangu, achia."

Mume wangu akaachia. Sauti ya Tiroia haikupaa, ila wote walisikia. Sitini wakaachia, wakakaa chini mchangani kama watu waliomaliza kazi. Waya ukaanza kurudi majini kidogo kidogo, na Tiroia juu yake, anaburutwa, hasimami.

Meneja akatupa kiko, akafoka. "Anasema ukiendelea mkataba wa kila mtu unaanza upya," Bauro akasema.

"Mwambie uanze. Sisi tutakuwepo. Waya wake je?"

Kapteni wa meli alikuwa ameshuka pwani. Huyo alijua maji hayamngoji. Akauliza mama huyu anataka nini. Tiroia akasema: "Mashua. Kila siku, pamoja na wavuvi wawili, mpaka nisokote kamba nyingine. Mtoto wangu anataka samaki. Nyie mmemkatia chombo chake."

Kapteni akamtazama meneja, akasema haya, mashua itolewe.

"Amesema sawa," Bauro akasema.

"Safari hii anyooshe mkono."

Kapteni akanyoosha mkono, Tiroia akaushika, ndipo akainuka. Wanaume wakavuta. Waya ukaingia mtaroni.

Meli ilikaa siku tatu, na siku tatu mashua ilitoka. Bwebwe alikula jodari hadi akalala na kipande mdomoni. Siku ya nne meli haikuwapo, na mnyororo ulikuwa umerudi kwenye mashua. Meneja akasema ahadi ilikuwa ya kapteni, siyo yake.

Tiroia akambeba Bwebwe, akanivuta na mimi na Bauro, tukaenda kwenye nyumba ya waya, kule mtaro ulikoishia. Mlangoni alikaa kijana mwenye miwani, anapigapiga kidude chake cha kupelekea habari.

"Mwambie amwite kapteni."

Bauro akaongea naye. "Anasema haiwezekani. Waya unafika kwenye nchi, haufiki kwenye meli."

"Unaita watu wa upande wa pili wa dunia, na mtu aliyeondoka jana haumwiti?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi wawaite Nonouti. Ndugu zetu waje na kamba."

Bauro akasema, "Nonouti hakuna waya, mama."

Tuliuvuta sisi, ukapita mbele ya milango yetu, na mahali pekee usipofika ni kwetu.

Kijana akaongeza maneno. Bauro hakutaka kuyasema. Tiroia akamkazia macho.

"Anasema... habari za kuleta waya zilishatumwa. Kwamba wenyeji walisaidia kwa furaha."

"Wenyeji gani?"

"Sisi."

"Arudishe neno hilo."

"Likishakwenda halirudi."

"Basi apeleke jingine nyuma yake! Aseme walikata kamba. Aseme wana mashua na wameifunga. Aseme jina langu."

Kijana alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama unavyomchekea mtoto anayetaka umshushie mwezi, na kwa hilo sijamsamehe hadi leo. Akafunga mlango taratibu, asituumize vidole.

Tulirudi kwenye kapu letu. Vipande vile vilikuwa vifupi, na kamba yenye mafundo haipiti kwenye tundu la ubao. Tukavifumua nyuzi kwa nyuzi, tukachanganya na makumbi ya kila mama, hata yale ambayo hayajaiva vizuri topeni, tukasokota upya. Wanawake kumi na mmoja, kila mapumziko ya mchana. Mapaja yalitoka damu. Bwebwe, ambaye sasa hakuweza kusimama, alilala katikati yetu, na kila mmoja alijifanya hamtazami miguu.

Siku ya kumi na mbili tangu waya uvutwe, mtoto wa Nei Tebarae, mmoja wetu, alikufa, kwa uvimbe ule ule. Alikuwa na miaka miwili, anaitwa Kaitu. Kesho yake Tebarae alikuja, akakaa mahali pake, akavuta makumbi yake, akaanza kusokota. Hakuna aliyemwambia aende nyumbani. Kama ile mashua ingetolewa siku tisa tu nyingine. Nimelihesabu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Siku ya kumi na tisa Biribo alimaliza kushona. Yeye na Tekaai walitoka alfajiri, wakarudi mchana na majodari mawili. Tiroia alimlisha Bwebwe ini kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka mtoto akageuza uso. Baada ya wiki tatu za samaki alisimama mwenyewe.

Siku ile ya kwanza ya ngalawa Bauro alikuja kabla hatujamaliza kupasua samaki.

"Bwana anasema pwani ni ya kampuni. Nusu ya samaki ni yake. Na watu wa waya wamechoka na makopo."

"Kaa," Tiroia akamwambia.

Akagawa mbele yake. Fungu la kwanza kwa Tebarae, ingawa nyumbani kwake hapakuwa tena na mtoto. Kisha kila nyumba yenye mtoto, kwa majina, hadi pakabaki mkia mmoja.

"Una watoto wangapi, Bauro?"

"Watatu."

"Huu ni wa hao. Ukimpa yeye, nitajua."

Bauro akaangalia kule kwenye nyumba ya meneja. Kisha akauvua mkono mmoja wa shati, akaufunika mkia, akapita njia ya nyuma, kati ya minazi.

Jumatatu Biribo aliitwa ofisini, akaongezewa miezi sita ya mkataba kwa ile nusu ya samaki ambayo kampuni haikupewa. Alibandika kidole chake kwenye karatasi, akakifuta kwenye paja, akashuka ufukweni. Tiroia alikuwa ameshaisukuma ngalawa mpaka majini, ameishika, anamngoja.