Pumba za Mama wa Nyakabere

Nilichambua mchele miaka sita kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Sange, na hadi leo nikimkumbuka mwenye mashine ile damu inanichemka.

Tulikuwa wanawake wanne. Mpunga ukishakobolewa, sisi tunapepeta, tunatoa mawe, tunatenga chenga. Wakulima walikuja kwetu kwa sababu walijua wataondoka na kila kilicho chao: mchele, chenga za uji wa watoto, na pumba za nguruwe na kuku. Mama mmoja mwenye restora kule Mulongwe, mjini Uvira, alinunua mchele wao hapo hapo mlangoni kila juma. Alizipita mashine nyingine njiani ili afike kwetu, maana walaji wake hawakuwahi kuuma jiwe.

Kisha mwenye mashine akaenda Bukavu kufundishwa biashara. Alirudi na faili kwapani, akatuita.

“Tangu leo tunafanya kazi ya kisasa. Kila kinachoanguka humu ndani kiko cha mashine. Pumba zinabaki, chenga zinabaki. Na nyinyi muache kupoteza wakati na mawe.”

Nilimuuliza, “Patron, wakulima umewaambia?”

“Wataenda wapi?” akajibu.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa mama mmoja mjane wa Nyakabere, aliyekuwa akileta gunia lake juu ya baiskeli tangu nilipoanza kazi. Aliinama kujaza pumba zake kama kawaida. Mwenye mashine akamnyang'anya mfuko.

“Acha, mama. Haiko yako tena.”

“Haiko yangu namna gani? Mpunga nililima miye mwenyewe!”

Akamcheka. Mbele ya watu wote akamcheka mwanamke mwenye umri wa mama yake. Yule mama akanigeukia mimi, akingoja niseme neno. Nikatazama ungo wangu. Sijajisamehe.

Hakurudi tena, na majirani zake nao hawakurudi. Msimu uliofuata, mahali tulipokuwa tukikosa pa kukanyaga kwa wingi wa magunia, palikuwa na mbuzi wamelala. Mpunga mchache uliokuja tuliupitisha mbio mbio, kama tulivyoamriwa.

Asubuhi moja mama wa restora akashuka kwenye gari. Alikuwa amekunja kijiwe ndani ya kitambaa. Mzee mmoja alikuwa amevunjika jino mezani kwake.

“Nani amefanya hivi?” akauliza.

Mwenye mashine alitunyooshea kidole. “Hawa wanawake. Uvivu tu.”

Hapo nikalipuka.

“Mwongo weye! Nani alituambia tuache mawe? Nani alimnyang'anya mjane pumba? Wakulima uliwafukuza, na wateja unawalisha mawe. Sasa unataka kututupia sisi uchafu wako!”

Alinifukuza palepale. Wenzangu wawili waliweka nyungo chini, wakanifuata. Wa tatu alibaki. Alikuwa na watoto watano na mume mgonjwa, na sikumlaumu.

Kesho yake nilikwenda Nyakabere. Yule mjane aliniacha nimesimama uani kwake kitambo kirefu, akiendelea kumenya mihogo.

“Ulinyamaza,” akasema mwishowe.

“Nilinyamaza, mama. Nimekuja kuomba msamaha.”

“Siku ile nililia njia nzima.”

Nilichuchumaa kando yake, nikaanza kupanga mihogo aliyokwisha kumenya. Baadaye akanisogezea kiti.

Siku hizi tunafanyia kazi uani kwake. Yeye na majirani hukoboa mpunga kwenye mashine nyingine, sisi tunauchambua kwa utaratibu wetu, na mama wa Mulongwe anamtuma mtu kuuchukua. Mwanzoni alikuja mwenyewe, akatia mkono katika kila gunia kabla ya kutuamini. Alikuwa na haki.

Juzi mwenye mashine alinisimamisha sokoni. Sauti yake ilikuwa laini kama mafuta.

“Mama, murudi kazini. Nitawaongezea.”

“Umeshakwenda kuomba msamaha?” nikamuuliza.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mtu mzima yule.

“Kwa nani?”

Niliacha nyanya nilizokuwa nikichagua, nikaondoka, maana ningebaki pale ningemrushia.